Klorini ni Klorini

Maji ya bwawa la kuogelea la Madam Jacinta yaligeuka kijani Jumatano, siku tatu kabla ya sherehe ya binti yake, na Jumatano hiyo hiyo malaria ikamwangusha Zadock Ogola, mtu pekee aliyejua kuyarudisha yawe ya buluu. Mvua ilikuwa imepiga kilima cha Riat siku mbili mfululizo, ikateremsha majani, vumbi na mavi ya ndege ndani ya bwawa, na kazi ya wiki nzima ikaenda bure. Zadock aliiona rangi ile jioni huku meno yakigongana. Alijaribu kuinua ndoo, ikamshinda. Akarudi nyumbani Nyamasaria kwa bodaboda, amemkumbatia dereva kiunoni asije akaanguka.

Alhamisi asubuhi alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Mkewe Seline alikuwa anawasha jiko. Akamtazama alivyoshika ukuta.

"Baba Sheryl, rudi ulale. Utaanguka ndani ya hiyo swimming, watutoe wawili, wewe na hiyo kijani yako."

"Nikilala leo nimefutwa. Unajua Madam."

Seline alimjua, ingawa hakuwahi kumwona. Miaka kumi na moja alikuwa akimsikia ndani ya nyumba yake: Madam amesema hivi, Madam hataki vile. Zadock akabonyeza simu, akaiweka sauti ya juu kwa sababu spika ya sikioni ilikuwa imekufa. Kwa hiyo waliyasikia wote watatu, yeye, Seline, na binti yao Sheryl aliyekuwa anafunga kamba za viatu vya shule.

"Zadock, Jumamosi ni ayie ya Debra," ilisema simu. "Wakwe wanakuja kuniomba mtoto, na viti vinapangwa hapo kando ya swimming. Unataka waone nini, sukuma wiki?"

"Madam, ni malaria. Hata kusimama siwezi."

"Pole sana. Lakini kuna mtu ananisumbua kila siku anataka hiyo kazi yako. Nimwambie nini?"

Seline akainua kichwa kutoka kwenye jiko. "Mwambie nitaenda mimi."

Zadock akasita. Halafu akasema, "Madam, bibi yangu anaweza kuja leo na kesho. Nitamwelekeza. Ni kupima na kutia dawa tu."

"Sawa, akuje. Mapema. Na asiniletee mambo mengi." Simu ikakatwa.

Somo lilifanyika hapo hapo kando ya jiko. Zadock alitoa kisanduku chake cha kupimia, ambacho alikuwa akikibeba nyumbani kila jioni kama fundi abebavyo nyundo yake. Ndani mlikuwa na vichupa viwili vya matone na vibomba viwili vya plastiki.

"Hii tone ya njano ni ya klorini. Ukitia na maji ibaki nyeupe, dawa imeisha. Hii nyekundu inakuambia kama maji imekuwa kali ama imelala. Ikilala, hata utie klorini gunia, haifanyi kazi, mpaka utie asidi kidogo. Lakini asidi nilitia juzi. Leo ni klorini tu, vikombe nne."

"Vikombe vinne, nikimwaga tu?"

"La! Unaanzia kwa ndoo. Dawa ndiyo inaenda kwa maji, maji haiendi kwa dawa. Ukipika ugali unatanguliza nini kwa sufuria?"

"Maji."

"Halafu?"

"Unga."

"Basi umemaliza shule. Na uchanganyie nje, upepo ikupige mgongo."

Seline akacheka. Alikuwa mwanamke wa kukaanga mgongo wazi, vile vichwa na mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kwenda kwa wenye pesa. Alikuwa amezoea mafuta ya moto na moshi wa macho. Unga mweupe kwenye ndoo ungemtisha nini? Alijifunga leso safi, akaiacha biashara yake kwa jirani yake Apiyo, akaondoka.

Somo lile halikuwa baya, na sitaki mtu afikiri Zadock alikuwa mjinga. Alifundishwa kwa kikombe na macho na mtu aliyemtangulia, na kwa miaka kumi na moja hakuna mtoto aliyewahi kutoka kwenye maji yake akilia macho. Tatizo ni kwamba kwa miaka hiyo yote alinunuliwa klorini ya aina moja, kwenye mkebe wa rangi moja, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ziko nyingine.

*

Getini kwa Madam, mlinzi Shakir alikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada jekundu.

"Jina lako, mama?"

"Seline Akoth."

"Unakuja kufanya?"

"Kazi ya swimming. Mimi ni bibi ya Zadock."

"Ah, shemeji! Madam amesema utakuja." Shakir akaandika jina, kazi na saa, saa moja na dakika kumi, akamgeuzia kitabu atie sahihi. Seline alilitazama jina lake pale kwenye mstari. Alikuwa ameingia nyumba nyingi za watu kufua, kwa mlango wa jikoni, na hakuna mahali alipowahi kuandikwa. Alitia sahihi polepole.

Alipima kama alivyofundishwa. Tone la njano likabaki jeupe kabisa. Alienda kwenye stoo ya pampu, kichumba cha mabati na tofali kisicho na dirisha, akatoa ndoo na mkebe wa klorini. Hakuwa amefika mbali Madam Jacinta akatokea na kikombe cha chai. Nyuma yake watu wa mapambo walikuwa wanatandika zulia jekundu.

"Wewe ndiye mama Sheryl? Karibu." Pua yake ikakunjamana. "Unauza samaki?"

"Ndiyo, Madam. Lakini nimeoga."

"Sijasema hujaoga. Sikia, usipite-pite na ndoo hapa kwa zulia. Hiyo dawa changanyia huko ndani ya stoo."

"Baba Sheryl aliniambia nichanganyie nje kwa—"

"Baba Sheryl ako wapi?"

Seline akarudi ndani ya stoo. Harufu ya samaki ilimwaibisha kuliko alivyotaka kukubali, akaurudisha mlango nyuma yake ili asionekane.

Alitia maji kwenye ndoo, maji kwanza. Akachota klorini kikombe kimoja, cha pili, na cha tatu kikatoka nusu. Mkebe ulikuwa umebaki makombo chini. Kando yake palikuwa na mkebe mwingine, mpya, mkubwa kidogo, ambao Madam alinunua mwenyewe wiki hiyo kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu. Seline alipiga simu.

"Baba Sheryl, dawa imeisha. Lakini kuna mkebe mpya hapa."

Zadock alikuwa amelala chini ya blanketi mbili, jasho limemlowesha. "Ndani ni nyeupe?"

"Ni nyeupe, kama ile tu. Imeandikwa Kizungu mingi. Na kuna picha ya mikebe mbili, imepigwa X kubwa."

Zadock akafumba macho. Alifikiria mikebe yote ya dawa inayogeuzwa Nyamasaria kuwa ya kuwekea maji ya kunywa, unga na sukari. "Hiyo ni ya kukataza watu wasiwekee chakula ndani ikiisha. Ni picha tu."

"Kwa hivyo niongeze?"

"Klorini ni klorini, mama Sheryl. Ongeza."

Na Seline akafanya anachofanya kila mwanamke ambaye hajawahi kutupa kitu. Nyumbani, unga wa zamani ukibaki kidogo, hauachwi peke yake kwenye mkebe uingie wadudu. Unaumiminia mpya juu yake, unachanganya, wa zamani unaisha pamoja na mpya. Akauinua mkebe mpya, akamimina kwenye ule wa zamani, juu ya makombo. Halafu akatia kikombe ndani kukoroga, na kikombe kilikuwa kimelowa.

Kwanza alisikia mlio kama wa vitunguu vikiingia kwenye mafuta. Akainama kutazama. Mkebe ulikuwa umeanza kuwa moto, na kutoka ndani yake ulipanda moshi wa rangi ya ndizi mbichi. Seline alizoea moshi. Badala ya kukimbia alichukua kifuniko akaufunika mkebe, kama mtu anavyofunika sufuria iliyoshika moto. Ukapasuka.

*

Shakir ndiye aliyemtoa, leso amejifunga puani. Watu wa mapambo walikuwa wamekimbilia barabarani.

Zadock alifika hospitali kubwa ya serikali na malaria yake mwilini, akashikilia meza ya mapokezi kama alivyoshikilia ukuta asubuhi. Alimkuta Seline ameketi kitandani, kwa maana akilala hapumui. Macho yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyepigwa, na barakoa ya oksijeni ilikuwa usoni. Mtungi wa oksijeni aliushiriki na mama mwingine. Wauguzi walikuwa wakiuhamisha kitanda hadi kitanda.

Daktari wa zamu alikuwa msichana mwembamba aitwaye Nabututu.

"Mzee, gesi imechoma mapafu. Sasa yanaanza kujaa maji. Hapa sina mashine ya kumsaidia ikizidi. Mnahitaji kumpeleka kwa ICU, na leo."

"Hapa hakuna?"

"Vitanda vimejaa. Kuna hospitali ya binafsi inaweza kumpokea, lakini watataka depositi kwanza. Bima yenu inafanya kazi?"

Zadock akatazama sakafu. Michango ilikuwa imekatika tangu Januari, karo ya Sheryl ilipoingia. Nabututu hakuuliza tena. Akageukia Seline, akainama sikioni pake.

"Mama, nataka kuelewa. Ulichanganya dawa mbili tofauti. Nani alikuambia uchanganye?"

Seline akageuza macho yake yaliyovimba kumtafuta, hakumwona vizuri, lakini alijua yuko wapi. Akainua mkono, akajigusa kifuani.

"Mimi mwenyewe," alisema ndani ya barakoa.

Daktari akaandika. Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pana, mtu angeweza kupitisha mkokoteni, na Zadock hakusema neno. Alijiambia ni kwa sababu ya homa.

Saa nane gari la Madam Jacinta likaingia uwanja wa hospitali. Hakushuka. Zadock aliitwa kwa simu, akashuka ngazi akisaidiwa na Sheryl, ambaye alikuwa amekuja mbio kutoka shule na sare yake. Kioo cha gari kiliteremshwa nusu, hewa baridi ikawapiga usoni.

"Zadock, pole sana. Sijakula tangu asubuhi. Wamesema nini?"

"Wanataka ICU, Madam. Na depositi."

"Hiyo nitalipa. Yote. Mimi sio mtu mbaya." Akatoa karatasi kwenye bahasha, na kalamu. "Ni hii tu wakili anataka. Watu wa ofisi ya kazi na wa polisi wakisikia, watajaa kwangu Jumamosi, na wakwe wako njiani."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Zadock aliweza kusoma Kiingereza cha matangazo na cha Biblia, si cha wakili. Sheryl aliichukua kutoka mkononi mwake kabla hajaomba. Alikuwa kidato cha tatu. Alisoma mara moja, akarudia.

"Baba, inasema mama aliingia kwa Madam bila ruhusa."

"Ni lugha ya wakili," alisema Madam Jacinta.

"Na hapa inasema alipatikana kwa stoo akipakia dawa, anataka kwenda kuuza. Baba, inasema mama ni mwizi."

"Haisomwi hivyo, mtoto."

"Inasomwaje?"

"Sheryl, nyamaza," alisema Zadock. Akainama dirishani. "Madam, si uliniambia kwa simu akuje?"

Madam Jacinta alimtazama kwa huruma, na nadhani huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. "Ulikuwa na homa, Zadock. Mtu wa homa husikia mambo mengi."

"Sote tulisikia!" Sheryl alisema.

Zadock akasogea kando, akampigia Shakir. Alitaka jambo moja tu, kile kitabu chekundu, ule mstari wa Alhamisi. Simu iliita muda mrefu.

"Mzee," Shakir alisema kwa sauti ya chini, "hiyo karatasi haiko. Niliambiwa nipeleke kitabu ndani. Kimerudi kimepungua. Wallahi si mimi niliitoa."

"Lakini ulimwandika?"

"Nilimwandika kwa mkono wangu. Lakini nikisema hivyo, kesho nakaa geti gani? Nisamehe, Mzee."

Zadock aliweka simu mfukoni. Kule juu dirishani muuguzi alikuwa anauhamisha mtungi tena. Madam Jacinta alikuwa amenyoosha kalamu nje ya kioo. Haikuwa saa ya kufikiria heshima, na bado aliifikiria, akaihisi ikimtoka kama jasho. Aliitegemeza karatasi kwenye boneti la gari, ambalo lilikuwa la moto, akatia sahihi. Z. Ogola. Sheryl aligeuka, akatazama ukuta wa mochari.

"Asante," Madam Jacinta alisema, simu tayari sikioni akiita ambulensi. "Na kazi yako iko. Kesho ukiweza kusimama, hiyo maji bado ni kijani."

*

Ijumaa Zadock alisimama. Stoo ilikuwa imeoshwa na mtu wa bustani kwa mpira wa maji, na mikebe yote miwili ilikuwa imetupwa nyuma, kwenye shimo la taka. Ule wa zamani ulikuwa umepasuka ubavu. Ule mpya ulikuwa mzima. Aliugeuza kwa mguu, akaiona picha: mkebe mmoja, mshale, mkebe mwingine, na X juu ya mshale. Usitoe hapa ukatie hapa. Hata mtu asiyejua a wala e angeielewa, kama angeiona. Yeye aliisikia tu kwa simu, akaieleza kwa ujuzi wake.

Alipewa mkebe wa klorini ya kawaida. Akapima, akatia, akaendesha pampu mchana kutwa, akapima tena, akasugua kuta kwa brashi huku akipumzika kila baada ya hatua tatu. Kufikia jioni sakafu ya bwawa ilianza kuonekana. Jumamosi asubuhi tone la njano lilikuwa la njano sawasawa, na tone jekundu lilikuwa na rangi ile ya waridi anayoipenda. Wakwe walikaa kando ya maji ya buluu, wanawake wakapiga vigelegele, mtoto wa mmoja wao akavuliwa nguo akarukishwa majini, akacheka. Zadock alikuwa nyuma ya stoo kama alivyoagizwa, ili watu wasiulize maswali. Alikuwa amesimama akisubiri simu ya ICU.

Seline hakufa. Niseme mapema, kwa sababu kuna wasomaji wanaoruka mbele. Alikaa hospitali ya binafsi siku kumi na saba, Madam akalipa kama alivyoahidi, na akarudishwa Nyamasaria akiwa amepungua nusu. Sauti yake, iliyokuwa inauza samaki mpaka ng'ambo ya barabara, ilikuwa imebaki upepo tu. Akipanda ngazi mbili alikaa chini.

Wiki ya tatu baada ya kutoka hospitali alijaribu kurudi kwenye biashara. Apiyo alimpisha kwenye kiti, akawasha moto. Moshi ulipomfikia, Seline alikohoa mpaka akapiga magoti, na wateja wakasimama kumtazama. Lakini si moshi uliomfukuza. Habari ya ile karatasi ilikuwa imeteremka kutoka Riat na mpishi wa Madam, ambaye hununua samaki pale pale. Mwanamke wa meza ya tatu alisogeza mkebe wake wa pesa kutoka upande wa Seline, akauweka mapajani. Alifanya kwa adabu, kimya, akijifanya anatafuta chumvi.

"Unasogeza nini?" Seline alimuuliza kwa upepo wake.

"Hakuna kitu, mama Sheryl. Lakini si wanasema mume wako mwenyewe alisaini?"

Apiyo akapiga kelele, akamtukana yule mwanamke. Seline alikuwa ameshachukua leso yake.

*

Zadock alirudi jioni ile akamkuta ameketi kwenye kochi, mgongo umenyooka. Neno la kusema lilikuwa wazi usoni mwake. Sheryl alikuwa anaosha vyombo mlangoni. Tangu siku ya gari binti huyo hakuwa amemwita baba. Alikuwa anasema "chakula kiko" na "maji iko", basi.

"Ulisaini nini?" Seline aliuliza.

Akaeleza. Hakupamba. Alieleza mtungi, depositi, kalamu, boneti la moto. "Nilisaini ndio upone, mama Sheryl."

"Najua." Alipumzika, akavuta hewa. "Na mimi nilisema nilichanganya mwenyewe, ndio usifukuzwe. Daktari aliniuliza, na wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwa."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Vyombo vya Sheryl vikaacha kugongana.

"Sasa mimi ni mwizi kwa Madam," Seline alisema, "na kwa meza za samaki mimi ni mwizi, na mtoto wangu huko shule ni mtoto ya mwizi. Hiyo nimebeba. Lakini hapa ndani ya nyumba yangu, nani aliniambia nichanganye?"

Zadock aliangalia mikono yake. Ilikuwa imebabuka vidoleni kwa klorini ya miaka kumi na moja, ngozi nyeupe-nyeupe, ya mtu aliyekaa kwenye maji ya wenyewe maisha yake yote.

"Ni mimi," alisema.

"Sijasikia."

"Ni mimi, Seline."

"Mimi nimesikia. Sema tena, Sheryl asikie."

Huu ndio ulikuwa mzigo wenyewe. Karatasi ya wakili aliitia sahihi kwa sekunde mbili. Hili lilimchukua muda hata maji ya vyombo yakapoa. Akageukia mlango.

"Sheryl. Mama yako alinipigia simu, akaniuliza. Aliona ile picha, akanisomea. Mimi ndio nilisema klorini ni klorini, ongeza. Hakukosea. Alifanya vile nilimwambia." Akasogea karibu na mlango. "Na hakuwa mwizi. Aliandikwa kwa kitabu ya geti."

Sheryl alifuta mikono kwenye sketi, akaingia, akakaa karibu na mama yake, akaanza kumsugua mgongo kama daktari alivyowaonyesha. Akauliza, bila kumtazama baba yake, "Na Madam utamwambia?"

Kazi ile sasa ndiyo iliyobaki peke yake kulisha nyumba, na wote watatu walijua.

*

Kesho yake alifika Riat mapema. Shakir alimfungulia geti dogo, wakasalimiana, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake, kama walivyokuwa wakifanya tangu siku ile. Zadock hakupita. Alisimama mbele ya meza ya mlinzi.

"Nipe kitabu."

"Wewe huandikwi, Mzee. Wewe ni wa hapa."

"Nipe."

Shakir alitazama nyumba kubwa. Pazia za juu zilikuwa bado zimefungwa. Akakisukuma kile kitabu chekundu mbele. Zadock alifunua akirudi nyuma, Alhamisi baada ya Alhamisi, mpaka akafika mahali karatasi ilipochanwa, pameachwa meno ya karatasi kwenye uzi. Ukurasa uliofuata ulianza na Ijumaa, na juu yake palikuwa na nafasi tupu, nyembamba, ya mstari mmoja tu. Akachukua kalamu iliyofungwa kwa kamba. Aliandika tarehe ya Alhamisi ile. Aliandika jina, Seline Akoth, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi. Kwenye nafasi ya sababu ya kuja, aliandika: kazi ya swimming.

Akaweka kalamu chini, akachukua kisanduku chake cha kupimia aende kwenye maji.

Haikubadilisha kitu, na wote wawili walijua. Karatasi ya wakili ilikuwa ndani ya kabati ya chuma mjini, na Seline alikuwa Nyamasaria amekaa kando ya dirisha akitafuta hewa.

Lakini Shakir alikivuta kitabu upande wake, akakisoma kile alichoandika Zadock. Nafasi ya saa ilikuwa tupu. Alitazama tena pazia za juu. Halafu akaichukua ile kalamu, na kwa mwandiko wake mwenyewe, ule ule wa siku ile, akajaza: saa moja na dakika kumi.